Boila Isiyosikia Amri

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku baridi imeshaingia, saa kumi jioni giza linaanza kutanda, na gumzo la kila mtu ni bili ya gesi. Mkisikia mtu wa Ulaya analalamikia joto mwezi wa Novemba, mtadhani anawatania. Lakini hilo ndilo alilonipigia simu jirani yetu, mama mtu mzima kutoka Unguja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo unitazamie mashine hii. Nimeizima tangu alasiri, haisikii."

Nilimkuta na kanga begani, madirisha yote wazi, rejeta za ukutani hazigusiki. Juu ya friji, kioo kidogo cha mita ya gesi kilikuwa kinahesabu pesa bila huruma.

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila inachoma gesi na kuyapasha, pampu inayasukuma kupitia mabomba hadi kwenye rejeta, kisha yanarudi kupashwa upya. Amri hutoka sehemu mbili: taima, inayopanga saa za kuwaka, na thamostati ya ukutani, inayoamua nyuzi ngapi zinatosha. Lakini penye tangi la maji ya moto, kama kwa mama huyu, mara nyingi amri hizo haziendi moja kwa moja kwenye boila. Zinapitia kwenye vali yenye mota. Mota inafungua vali, na vali ikishafunguka inabonyeza swichi ndogo iliyo ndani yake. Swichi hiyo ndiyo inayoiwasha boila. Amri ikikoma, springi huirudisha vali ikafunga.

Ndiyo maana boila isipozimika, mara nyingi yenyewe haina kosa. Kuna anayeendelea kuiamrisha, na kazi ni kumtafuta.

Tulianza na thamostati. Tuliishusha hadi mwisho, ikalia "tik", dalili kwamba swichi yake bado inafanya kazi. Ingekuwa ya aina isiyo na waya, tungetazama betri, maana zikiisha mawasiliano hukatika. Taima nayo ilikuwa imezimwa. Pampu kuendelea kuzunguka dakika chache baada ya moto kuzimika ni kawaida, inaondoa joto lililobaki ndani ya boila. Hapa, hata hivyo, moto wenyewe ulikuwa unanguruma.

Tukafungua kabati la tangi, lile ambamo Waingereza hukaushia taulo. Nyuma ya mashuka kulikuwa na kiboksi cha chuma juu ya bomba, na ubavuni mwake kijimkono kidogo. Vali ikiwa imefunga, kijimkono hicho ukikisukuma kinakaza, unaisikia springi inakupinga. Chake kilikuwa kinalegea tu, huku kila kitu kimezimwa. Vali ilikuwa imekwama wazi, na ile swichi ya ndani ilikuwa bado inaiambia boila iwake.

Hatukufungua skrubu hata moja. Tulizima boila kwenye swichi yake ya umeme ya ukutani, moto ukakatika. Maji ya kuogea mama akayapata kwa hita ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Kisha akamwandikia mwenye nyumba usiku uleule, kwa ujumbe wenye tarehe na picha.

Kuandika kuna maana yake. Huku Uingereza, sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtwisha mwenye nyumba wajibu wa kutengeneza mitambo ya joto na maji ya moto. Lakini wajibu huo wa kutengeneza humfika akishajua kuna ubovu, na gesi inayoungua huku akivuta miguu inalipwa na mpangaji. Mama akinung'unika kimya kimya, hasara ni yake.

Fundi alipokuja alibadilisha kile kiboksi cha chuma chenye mota, bila hata kumwaga maji ya mfumo. Kazi hiyo ni ya umeme. Ingehusu gesi ndani ya boila, angelazimika kuwa kwenye daftari la mafundi wa gesi liitwalo Gas Safe, lililochukua nafasi ya lile la CORGI mwaka 2009. Mafundi hao hubeba kitambulisho chenye picha, na nyuma yake pameandikwa kazi wanazoruhusiwa kufanya. Usione haya kukiomba na kukigeuza. Fundi wa kubahatisha kwenye gesi anaweza kukuachia hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Wengi wetu tunapofika huku tunafundishwa kuwasha. Kuzima hatuulizi, kwa sababu nani atafikiria joto litakuja kuwa shida? Kwa hiyo, kama una kijana anayekuja huku kusoma au kufanya kazi, mwambie kabla ya kusaini mkataba wa nyumba aonyeshwe vitu viwili: swichi ya kuzimia boila, na cheti cha ukaguzi wa gesi ambao sheria inataka ufanywe kila baada ya miezi 12. Mwenye nyumba asiyeweza kuvionyesha, nyumba yake iachwe.