Ndizi za Nyanya

Tangu maradhi yamwandame, nyanya alikuwa akikigeuzia chakula uso. Chane mbili za ndizi kisukari alizonunuliwa ziliiva mpaka maganda yakawa meusi. Nami, niliyekuwa likizoni Mombasa, nikakataa zisitupwe. Ndizi ya hali hiyo wanga wake umekwisha kugeuka sukari.

Niliyeyusha samli vijiko 4 sufuriani, nikamimina rojo la kikombe cha unga, nusu kikombe cha sukari, kikombe cha maziwa, beking poda na iliki. Vipande vya ndizi nikavipanga juu bila kukoroga. Hiyo ndiyo siri ya pishi hili la Wamarekani: matunda huanza juu, kisha unga hufura ukayameza. Oveni hatuna, nikateleka kwenye makaa na mengine nikayapalia juu ya kifuniko, kama kwa mkate wa sinia.

"We mjukuu wangu, moto wa chini umezidi! Waunguza!"

Sauti ilitoka chumbani. Ilikuwa siku ya tatu hajauliza habari za jiko, yeye aliyelitawala miaka hamsini. Nikapunguza makaa. (Kitako kilikuwa kimeshaungua, sikumwambia.)

Alikula kijiko kimoja, cha pili, kisha cha tatu.

"Chaitwaje?"

Waama, miaka mitatu ya kusomea istilahi haikunipa jibu. Nilipotaja mkate wa ndizi alitikisa kichwa: mkate hukatwa kwa kisu, na hiki chachotwa.

"Basi kitafutie jina," akasema, "na kesho punguza iliki."