Lipa Fundi Asikilize Kwanza, Spea Baadaye

Wasee, leo tuongee kuhusu ile kelele. Unaijua. Ile "ko-ko-ko" ya mbele ambayo kila mtu ndani ya gari anaisikia na hakuna anayeitaja. Dereva anaongeza redio, safari inaendelea.

Wengi wetu tumekulia ndani ya gari za mtumba. Sheria ya Kenya inataka gari iingie kabla haijapitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Ikishaingia, tunaisukuma mpaka ichoke yenyewe. Raba za mbele huchoka kabla ya injini, kwa sababu barabara zetu ni matuta, mashimo, halafu tuta lingine.

Gari ya mathe ni Toyota Fielder ya 2008. Hubeba mabelo ya nguo kutoka Gikomba, so si gari ya kupigia picha, ni ofisi. Mwaka jana ilianza kugonga mbele kushoto. Fundi wa kwanza hata hakuinama. Gari ilikuwa bado inaingia kwa geti, akasema, "Hizo ni shokomzoba, mama. Tafuta 18,000." Hiyo ilikuwa doo ya stoki. Mathe akaniangalia, mimi nikamwambia tungoje kidogo.

Msimamo wangu ni huu: fundi akitaja spea kabla hajaangalia gari, huyo anabahatisha, na anabahatisha na pesa zako.

Lakini tusiwaonee mafundi. Sisi wenyewe tumewazoesha hivyo. Kwa gereji nyingi za mtaani hakuna anayelipia kuangaliwa gari. Unalipia kufungiwa kitu kipya. Fundi akitumia saa nzima chini ya gari kisha akwambie "kaza nati moja tu," anaondoka na nini? Ukimlipa mtu kwa kubadilisha, atabadilisha. So mathe alipoenda kwa fundi wa pili, alisema mapema: "Kijana wangu, nitakupa 1,000 ya kuangalia peke yake. Usinunue kitu."

Hapo ndipo nilijua kelele ina lugha yake. Nawapa nilichookota.

Anza na buti. Si mzaha. Jeki isiyofungwa vizuri na spana zinazocheza zinaweza kukufanya ushuku gari nzima. Toa kila kitu, zunguka mtaa, sikiliza tena.

Kama ni "tak-tak" nyepesi kwa mwendo wa polepole kwenye barabara mbovu, shuku stabi linki. Kuna kijaribio kizuri. Pita tuta moja kwa moja, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja. Kisha pita mahali gurudumu moja linapanda peke yake. Kelele ikitokea zaidi hiyo mara ya pili, una dalili nzuri. Stabi hufanya kazi pande mbili zikitofautiana. Zikipanda pamoja, haijikunji, na linki inapumzika.

Kama ni "du!" moja nzito ukikanyaga breki au ukiondoka, angalia bushi za mkono wa chini. Raba ikipasuka, mkono unasogea mbele na nyuma, chuma kinagonga.

Kama gari imesimama na ukizungusha stelingi inalia "kwiii" au springi inaruka na kishindo, angalia mauntingi ya juu ya shokomzoba na beringi yake. Mtu azungushe stelingi, wewe usikilize huku boneti iko wazi.

"Tak-tak-tak" ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta? Hiyo mara nyingi ni sivi jointi, si sasipensheni. Mvumo unaopanda na spidi? Fikiria beringi ya gurudumu au tairi lenyewe.

Na shokomzoba? Ikikufa hujionyesha zaidi kwa oili inayovuja, gari kuyumbayumba baada ya tuta, na tairi kuliwa kwa mabaka. Inaweza kugonga, ndiyo, lakini isiwe ya kwanza kuhukumiwa kila siku.

Fundi wa pili aliinua gari, akaweka stendi. Tafadhali, hakuna mtu anaingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Akashika gurudumu kushoto na kulia, akalitikisa: hapo anatafuta mchezo kwenye raki endi na tairodi. Akalishika juu na chini, akatikisa tena: hapo ni beringi au bol jointi. Likicheza, mtu anakanyaga breki. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo mshukiwa. Ukibaki, angalia bol jointi. Mwisho akachukua mtaimbo, akapima kila kiungo.

Majibu? Kelele ya kushoto ilikuwa stabi linki. Shokomzoba zilikuwa kavu, zinafanya kazi. Lakini kulia, upande ambao haukuwa unalia hata kidogo, bol jointi ilikuwa imelegea. Mnaelewa hiyo ni nini? Bol jointi ikichomoka, gurudumu linakunjika na stelingi haikusikii tena. Mathe huendesha hiyo gari alfajiri, imejaa mizigo, na malori nyuma yake.

Kwa hivyo hii stori si ya kuokoa pesa tu. Linki ilikuwa inapiga kelele na ingengoja wiki mbili bila shida kubwa. Bol jointi ilikuwa imenyamaza na haikuwa ya kungoja hata siku moja. Kelele haikwambii ni nini hatari. Inakwambia tu kwamba wakati wa kuangalia umefika. Zile 18,000 zingenunua shokomzoba mpya, na mathe angeendelea kuamini amemaliza shida.

Mambo mawili kabla ya kufungiwa chochote. Spea ya raba iliyotolewa kwa gari kuukuu huko Japani ni raba kuukuu pia, hata ikioshwa ikang'aa. Na bushi za mkono wa chini zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba inakaa imejinyonga na inapasuka mapema. Ukigusa mikono au tairodi, peleka alainimenti.

Usiende gereji ukisema "nibadilishie shokomzoba." Sema inalia lini, upande gani, spidi gani, ukikanyaga nini. Kisha lipa mtu aangalie pande zote mbili, hasa ule ulionyamaza.