Koki Haikazwi kwa Hasira

Tulipomzika mjomba wangu Mikindani, mafundi bomba tuliofika tulikuwa wachache. Wenzake wengi wametangulia, na vijana aliowafundisha wamehamia kwenye bodaboda. Kabla nami sijaweka spana chini, acha niyaandike aliyonifunza.

Nilizaliwa Msimbati, baba mvuvi. Nilipomaliza darasa la saba mama alinipeleka Mtwara mjini kwa kaka yake. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mlezi. Mji wenyewe ulikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, na mjomba alijifunzia kazi kwenye mabomba ya chuma ya nyumba kongwe za Shangani.

Aliamini, nami naamini, kwamba koki ndogo ya chooni inayovuja kwenye shina haijafa. Alifunga kwanza maji ya nyumba nzima. Spana moja ilishika mwili wa koki, ya pili ikakaza nati ya shina kidogo tu. Ikiendelea kuvuja, aliifungua nati, akakwangua pakingi iliyokauka kwa ncha ya msumari, akasokota tefloni mpaka ikawa uzi, akaizungusha kwenye shina kufuata upande wa kukazia. Maji yakirudi, alipangusa koki, akaizungushia karatasi ya chooni, akakaa kusubiri. "Mpwa wangu, kidole kinadanganya," alisema. "Karatasi haifichi unyevu."

Zikaja enzi za gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na nyumba za wageni zikaota kila mtaa. Kwenye nyumba moja msimamizi alimwona mjomba anachelewesha kazi. Amri yake ilikuwa moja: ng'oa, weka mpya. Mjomba akaondolewa, akaletwa kijana mwenye spana moja. Alipoing'oa koki kwa nguvu, kiwiko kilichomo ukutani kikazunguka nayo, maji yakapita nyuma ya vigae. Tuliitwa sisi kuvunja ukuta. Msimamizi hakuomba radhi, na mjomba hakuidai.

Sisemi koki isibadilishwe kamwe. Iliyopasuka mwili itupwe. Lakini nyingi zinazong'aa madukani ni zinki iliyopakwa kromu, na upepo wa chumvi wa pwani yetu unazila upesi. Ipime mkononi kabla ya kulipa: ya shaba ni nzito. Ukishaifunga, mwambie mwenye nyumba aizungushe kila baada ya miezi michache, isije ikaganda siku ya dharura.

Vijana mnaosema tone si kitu, pandeni Newala mkawaulize akina mama walioteremka mabondeni miaka nenda rudi kutafuta ndoo moja ya maji. Kazi hii ni ya kuyatunza maji hayo, na haitaki misuli. Pesa ya kwanza utakayolipwa, nunua spana ya pili.