Mbele Dereva, Mbele Utingo

Jumamosi, 4 Oktoba

Digrii tatu asubuhi. Mzunguko wa kuingia Sonthofen, barabara kavu, mwendo wa kawaida tu, na mkia ukanitoka. Kidogo. Kiasi cha kiganja. Nikarudisha usukani, gari likakaa sawa, hakuna aliyeona. Mimi niliona. Moyo umenidunda hadi nilipobadilisha nguo za kazi.

Si kosa lake. Matairi ya kiangazi haya. Chini ya digrii saba hivi mpira unakakamaa kama kandambili iliyosahauliwa juani mwaka mzima. Na gari lenyewe linasukumwa kwa nyuma. Nilijua. Nilisema bado wiki mbili.

Bibi wa chini alikuwa anafagia majani. "Von O bis O," akaniambia, kidole juu. Oktoba hadi Ostern, yaani Pasaka. Kigari chake kimeshavaa. Ana miaka themanini na mbili.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekesha na rimu. Inchi 18, nyeusi, mikono mitano iliyopinda. Nimeziweka juu ya picha ya gari langu kwenye simu nikaziangalia mpaka macho yakauma. Mwili mwekundu, rimu nyeusi, theluji nyeupe pembeni. Kisutu kamili! Kama bibi harusi anatolewa ndani.

Bei sitaiandika hapa.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimempigia Baba. Shikamoo, marahaba, na kabla hajauliza habari zangu: "Gari halijambo?"

Nikamwambia za inchi 18. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha: "Sasa hapo mpira uko wapi? Rimu tupu hiyo, imefungwa utepe."

Akaanza za Mlalo. Kabichi, masika, lori limejaa, utelezi mwekundu toka Lushoto mpaka huko juu. Wenye matairi mapana walikuwa wanaelea juu ya tope kama mtumbwi, anasema, usukani unageuza lakini gari haliji. Tairi jembamba linakata, linashuka, linatafuta ardhi. "Na hiyo theluji yenu ikianza kuyeyuka ni nini? Tope. Tope jeupe."

Hajawahi kuigusa theluji. Ameiona ya Kilimanjaro tu, kwa mbali, akipita Moshi alfajiri na mzigo. Lakini nimesoma leo mambo ya matairi saa mbili nzima na yote yamekuja kusema alichosema yeye kwa dakika moja.

Nikampa na mimi habari: tairi la kwanza la theluji duniani lilitengenezwa Finland, 1934, na halikuwa la gari dogo. Lilikuwa la malori.

Akafurahi sana. Nilimsikia akimwambia Mama huko nyuma: "La malori! La malori!"

Alhamisi, 16 Oktoba

Hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.

Sasa hivi: 215/45 R17. Ukuta wa tairi milimita 97.
Likishuka: 205/55 R16. Ukuta milimita 113.

Kimo kizima kinatofautiana milimita saba tu, hata hazifiki, kwa hiyo mshale wa mwendo utadanganya kama asilimia moja. Si kitu. Karatasi ya gari inaukubali ukubwa huo, nimeisoma mara tatu kwa kidole. Na rimu ya 16 inapita juu ya breki zangu, diski ya mbele ni milimita 294. Inaingia. Kwa shida, lakini inaingia.

Ukuta mrefu maana yake nikipanda ukingo uliofichwa na theluji, mpira unaumia kabla ya rimu. Na sisi hapa kila ukingo utafichwa.

Herufi nayo. H ni mwisho 210, V ni 240. Gari hili linafika 226. Nikichukua H lazima nibandike karatasi ya 210 mbele ya macho yangu, sheria. Nibandike. Nani anakimbia 210 Januari?

Zile nyeusi bado ziko kwenye simu. Sijazifuta.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku mbaya.

Nilipata rimu Kempten. Inchi 16, matundu matano kwenye duara la milimita 100 kama yangu, na matairi ya 205/55 yako tayari juu yake. Euro 120 zote nne! Zilikuwa za Golf ya zamani. Nimetoka zamu nikaenda moja kwa moja, sijala.

Mwenyewe mtu mzima, mpole, karakana yake safi kuliko jiko langu. Nikatumbukiza sarafu ya euro mbili kwenye mfereji wa tairi. Ukingo wake wa fedha ni milimita nne, ukamezwa wote. Kashata nzuri. Nilishaanza kumshukuru Mungu. Kisha nikainama kutafuta namba ya kuzaliwa. 3817. Wiki ya 38, mwaka 2017. Miaka minane! Nikabonyeza ukucha, mpira haukuitika.

Sawa, nikajiambia, rimu tu basi, matairi nitanunua. Nikageuza moja. Tundu la katikati 57.1, kitovu changu 56.1, hiyo ungeweza kuweka pete. Lakini matundu ya boliti ni ya 14, yangu ni misumari ya 12. Na midomo yake ya mviringo kama bakuli, nati zangu zina ncha ya pia. Pia utaisimamishaje kwenye bakuli? Itagusa kauzi kamoja tu, na uzito wote wa gari, kona zote za Oberjoch, zinaning'inia kwenye kauzi hako.

Nilibaki nimechuchumaa pale muda mrefu. Nilizitaka kweli. Euro 120.

Nimerudi mikono mitupu. Digrii mbili. Polepole, polepole mno, mstari wa magari nyuma yangu.

Jumanne, 28 Oktoba

Fundi wa gereji ya bondeni kaniuliza kitu kimoja tu: "Umetafuta za Subaru Impreza?"

Mungu wangu. Kwa nini sikuwaza? Gari hili lina jina la Toyota lakini limetoka kiwandani kwa Subaru, Gunma. Injini yake ya Subaru, imelala ubavu. Matundu matano kwenye 100, kitovu 56.1, nati 12 kwa 1.25 ambazo Toyota nyingi hazitumii. Zote ni za Subaru! Anazo nne nyuma ya banda. Upana 6.5, ET 48 sawasawa na zangu, kwa hiyo hazitoki nje wala haziingii ndani. Za fedha, mikono mingi, hazina mvuto wowote. Moja ina mchubuko.

Nimechukua. Zikishafungwa zitakwenda TÜV, zikaguliwe, zigongewe muhuri.

Baba nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mmekwenda kuomba ujombani kwake."

Ndiyo. Ujombani hawanyimi.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya watakatifu. Makaburini mishumaa myekundu kila mahali, bibi wa chini kaniomba nimbebee maua mpaka kwa mumewe. Ukungu. Tumesimama hatuongei.

Kuanzia leo hadi 15 Aprili, upande wa pili wa mpaka, Austria, theluji ikiwa barabarani lazima matairi ya baridi, na kina kisipungue milimita nne. Huku Ujerumani hakuna tarehe, kuna hali tu: ikiteleza, uwe nayo. Na tangu Oktoba 2024 yale maandishi ya M+S peke yake hayatoshi, lazima kuwe na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati. Nimekaa jioni yote na matairi mawili tu, siwezi kuamua.

La kwanza la Kaskazini, laini kama ufizi, la barafu hasa. La pili la Ulaya ya kati. Vijimkato vile vyembamba vinavyouma theluji yote mawili yanavyo. Moyo ulitaka la kwanza, kwa sababu ya woga. Lakini nikihesabu siku zangu: asubuhi ngapi nakanyaga barafu tupu, na ngapi nakanyaga maji ya chumvi kwenye lami? Gari la chumvi linapita hapa kabla ya jogoo. Mengi ni maji. Maji ya baridi, lami nyeusi, mimi nimechoka nimetoka usiku. Kwenye maji hayo ndipo nitakapotaka breki.

La pili basi. Nokian, Mfinlandi, kwa heshima ya malori ya 1934. Matairi na rimu pamoja havifiki nusu ya zile nyeusi.

Nimezifuta.

Jumatano, 12 Novemba

Nimepeleka rimu gereji zivalishwe na kusawazishwa. Rimu zangu na matairi mapya, vyote ndani ya gari. Viti vya nyuma ukivilaza, magurudumu manne yanaingia. Waliolichora walipima hivyo makusudi, kwa watu wa mashindano. Kila nikiona hilo nalipenda upya. Mtu alikaa mezani akafikiria matairi yangu.

Lakini foleni! Kila mtu kaamka leo. Yatakuwa tayari tarehe 21 jioni. Siku tisa. Naangalia hali ya hewa kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Ijumaa, 21 Novemba

Imeanguka usiku.

Niliijua kabla ya kufungua pazia. Ukimya ule. Saa kumi alfajiri, taa ya barabarani ya manjano, na gari limefunikwa lote, limebaki umbo tu, kama mtu aliyelala kajifunika shuka gubigubi. Sentimita kumi na tano.

Nilisimama na funguo mkononi. Kilomita nane tu mpaka kazini. Faini euro 60 na pointi moja, lakini si faini. Ni ule mkia wa tarehe 4. Barabara kavu ule.

Nimepanda basi. Nimechelewa dakika ishirini na msimamizi hakunifokea, alinitazama tu, mbaya zaidi. Saa nne wakaletwa hospitali wawili waliogongana mlimani. Kijana na mama yake. Watapona. Kijana anarudia: nilikanyaga breki, nilikanyaga breki.

Sikuweza kumwambia chochote. Nilimshika mkono.

Jumamosi, 22 Novemba

Bibi wa chini kagonga mlango saa mbili. "Twende tukachukue vitu vyako." Na kigari chake. Magurudumu mawili nyuma, mawili kwenye buti, mimi nimekumbatia mkoba wake mbele. Anaendesha wima kama mwalimu, theluji si kitu kwake.

Nimefunga mwenyewe uani. Jeki, ubao chini ya jeki, spana. Vidole havina hisia. Brashi ya waya kwenye kitovu mpaka kikang'aa. Nati kwa mkono kwanza, kwa msalaba, kisha ile spana ya kupima mpaka ikalia: 120. Kila moja. Nikarudia zote. Upepo nimeongeza kidogo kwa sababu baridi inaula, kila digrii kumi zikishuka unapungua kama sehemu moja ya kumi ya bar.

Ya kiangazi nimeyaosha kwa maji ya moto na kuyashusha stoo. Chaki. Wenzangu hapa wanaandika VL, VR. Mimi nilitaka kuandika kwa kwetu, lakini kushoto na kulia zote zinaanza na ku. Basi nimeandika kama Baba alivyokuwa anaandika kwenye lori: mbele dereva, mbele utingo, nyuma dereva, nyuma utingo. Halafu nikasimama. Dereva wa hapa anakaa kwa utingo wa kwetu. Baba akija, atachanganya yote.

Limekuwa kama limevaa viatu vya shule. Limeinuka, duara nene nyeusi, rimu ndogo za kijivu katikati. Niliona huzuni, kweli, ilinipita kifuani. Kisha nikazoea kabla sijamaliza chai.

Jumatatu, 24 Novemba

TÜV. Mkaguzi kachuchumaa, kachungulia, kazungusha usukani mpaka mwisho huku na huku, kasikiliza. Kasoma namba za ndani ya rimu kwa tochi. Muhuri.

Nimekaa dakika nzima kwenye maegesho naangalia karatasi.

Jumanne, 25 Novemba

Mapumziko. Jua kali, digrii nne chini ya sifuri. Tumepanda Oberjoch, mimi na bibi wa chini. Alisema hajapanda gari la milango miwili tangu mumewe. Kona zaidi ya mia. Gia ya pili, ya tatu, ya pili.

Usukani umekuwa laini, hilo lazima niandike. Ule ukali wa kiangazi, wa kujua hata kokoto, umepungua; kuna pumzi kidogo kati ya mkono na barabara. Nitaukosa mpaka Aprili. Lakini kwenye kona za kivulini, palipo nyeupe tupu, linakata na kushuka na kushika. Nilisikia linashika! Nilikanyaga breki makusudi kwenye mnyoofu, nyuma hakuna mtu, likasimama likitetemeka mguuni, limenyooka. Bibi alisema "Na also", yaani unaona sasa, na kurekebisha kofia.

Juu tumesimama. Nikashusha kioo nikatoa simu nje, nikaendesha polepole kwenye theluji mpya ili Baba asikie sauti. Amejibu kabla hatujashuka. Anasema ni kama mtu anatembea juu ya magunia ya chumvi. Kisha: "Na huko kwa utingo amekaa nani?"

Nimemtumia picha yake na kofia.

Kilomita 38 tangu Jumamosi. Zikitimia 50, nati tena.