Ilula: Siyo nyanya tu, hata galaksi zipo!

Mwambie kijana yeyote wa Dar kwamba unakwenda Ilula, atakujibu: "Niletee nyanya!" Hatumlaumu. Basi likisimama pale, ndoo za nyanya na vitunguu zinafika dirishani kabla hujapiga miayo. Dakika chache baadaye gari limeondoka, na abiria wamerudi usingizini hadi Iringa mjini.

Mimi mwezi Oktoba nilishuka. Nilifuata giza.

Ilula iko Wilaya ya Kilolo, ukishamaliza kona za Kitonga. Mwenyeji wangu ni fundi redio. Nyuma ya nyumba yake, kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, amesimamisha darubini ya mtumba yenye kioo cha inchi 8. Majirani wanaiita mzinga. Wapo waliokuja kuuliza asali inarinwa lini!

Kumbe jamaa anarina mwanga. Kazi yake ya usiku ni kupiga picha galaksi, yaani yale makundi makubwa yenye mabilioni ya nyota. Jua letu nalo ni nyota moja tu katika galaksi yetu.

Sasa usidhani ni mambo ya "tabasamu, tayari". Kamera inafungwa pale ambapo jicho lingekaa, inaachwa wazi dakika 2, kisha inarudia. Mara 60! Dunia inazunguka, kwa hiyo mota ndogo inayotumia betri la gari inaisogeza darubini taratibu ifuate nyota. Baadaye kompyuta inazipanga picha zote juu ya nyingine: chenga zinapungua, mwanga hafifu unajitokeza.

Ugumu uko kwenye kuitega. Mhimili wa mota lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na hapa Ilula ncha hiyo iko nyuzi kama 8 tu juu ya upeo wa macho. Huko kuna vilima, na hakuna nyota kali ya kukuonyesha njia. Fundi anachagua nyota moja, anaitazama inavyoteleza, anarekebisha, anaitazama tena. Ilichukua saa nzima. Mimi nilikuwa natetemeka ndani ya koti, yeye anapiga mluzi!

Lakini mahali penyewe, bwana we! Mwishoni mwa Oktoba, kama saa nne na nusu usiku, galaksi tatu zinajipanga karibu mstari mmoja. Kaskazini ipo Andromeda. Karibu na utosi ipo NGC 253, inayohitaji darubini. Kusini lipo Wingu Dogo la Magellan. Wenzetu wa Ulaya hawalioni kamwe hilo Wingu Dogo, na walio kusini kabisa mwa dunia Andromeda inawapita chini ya upeo. Sisi tumekaa katikati, tunazipata zote.

Usiku ule tulichagua Andromeda. Mwanga husafiri kilometa 300,000 kila sekunde, lakini ule uliotua kwenye kamera ulikuwa njiani miaka kama milioni 2.5. Zana kongwe za mawe za Olduvai zina miaka kama milioni 2. Mwanga huo ulishaanza safari kabla hazijachongwa.

Na baada ya safari yote hiyo, unajua nani anauharibu? Lori! Kila lililopita barabara kuu na taa kali lilitufutia picha. Kati ya 60 tulitupa 11. Fundi hakulalamika. Kinachomtia wasiwasi ni taa zisizoondoka: kila mwaka, anasema, zinaongezeka nje ya maduka na nyumba, nyingi zikiangalia juu.

Hapo pana utata. Nani atamwambia mama muuza vitunguu akae gizani ili fundi apige picha? Hata fundi mwenyewe hathubutu. Umeme ulisubiriwa sana. Lakini yapo ya kujifunza. Mwaka 1923, Edwin Hubble alipiga picha Andromeda kutoka Mlima Wilson, Marekani, akagundua ndani yake nyota iliyosaidia kuthibitisha kwamba ile ni galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu. Baadaye taa za Los Angeles, chini ya mlima huo huo, zikaongezeka mpaka anga likapauka, na kazi ya vitu hafifu ikahamia milima mingine. Darubini kubwa ilibaki, giza likaondoka.

Dawa si kuzima taa. Ni kuziwekea kofia zimulike chini, penye miguu na bidhaa, na kuzima zile zisizo na kazi usiku wa manane. Mama ataona vizuri zaidi, na bili itapungua.

Kuelekea alfajiri picha ikatokea kwenye kompyuta: yai la mwanga lililolala mshazari, kitovu cha njano, mistari ya vumbi pembeni. Mtoto wa fundi, aliyeamkia shule, aliitazama akauliza: "Baba, na wao wanatuona?"

Wewe wa mjini huhitaji hata darubini. Oktoba au Novemba, usiku usio na mwezi, shuka popote penye giza. Zima simu, subiri macho yazoee kwa dakika 20, halafu tazama kaskazini. Ule ukungu mdogo ndiyo Andromeda. Wahi kuuona, ndugu yangu, maana taa hazisubiri.