Siku Tatu Dar es Salaam Pamoja na Baba

Najua wengi wenu mna mtoto au ndugu anayekaa Dar es Salaam, naye kila mwaka huwapigia simu akisema, "Njooni basi mtutembelee." Nanyi kila mwaka humjibu, "Tutakuja tukimaliza mavuno." Mimi pia nilijibu hivyo kwa miaka mingi. Nilisomea ualimu chuoni, na sasa ni karani wa parokia upande wa Tabora. Nimewahi kusimama mbele ya watoto darasani, nikawaonyesha Dar es Salaam kwa fimbo kwenye ramani, hali mwenyewe sijafika. Mwaka jana nilifika, nami naona si vema nikae kimya na niliyoyaona.

Aliyenitoa nyumbani ni baba. Ana umri wa miaka 78, na mtoto wa jicho ameanza kumfunga macho. Jioni moja aliniita akaniambia, "Mwanangu, nataka kuiona ile sanamu ya Askari kabla giza halijanikamata." Babu yake baba alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Waliokuja kumchukua walisema atarudi kabla ya mvua. Hakurudi, wala hapana kaburi lake tunalolijua. Baba alikuwa amesikia kwamba mjini Dar es Salaam iko sanamu ya ukumbusho wa watu wale. Basi sikuweza tena kusema habari za mavuno.

KABLA YA KUONDOKA

Kwanza, mwambie mwenyeji wako siku na saa utakayofika, wala usimfikie mtu ghafula. Nyumba za mjini ni ndogo, na watu huondoka alfajiri kwenda kazini. Sisi tulifikia kwa dada yangu aliyeolewa Buguruni, tukamchukulia karanga na asali ya kwetu. Asali ifunge vizuri sana. Yangu ilivuja, na shati langu la Jumapili lilifika likiwa tamu.

Pili, fedha usiziweke mahali pamoja. Weka kidogo mfukoni kwa nauli na maji, nyingine zifiche ndani ya nguo. Ikiwa fedha zako zimo katika simu, namba ya siri ibaki siri yako, hata anayeiuliza akiwa amevaa tai.

Tatu, andika katika karatasi namba za simu za mwenyeji na za mwenzako wa safari, umtilie kila mmoja mfukoni. Usitegemee simu peke yake, maana simu huzimika au huibiwa. Baba alinicheka nilipomtilia karatasi yake katika mfuko wa koti. Mtaona baadaye nani alicheka mwisho.

SAFARI

Wazee wetu wa Unyamwezi waliijua njia ya pwani zamani sana, ila waliipita kwa miguu, mizigo mabegani. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, nayo ikafika Tabora mwaka 1912. Sisi tulipanda basi mpaka Dodoma, na hapo tukaingia katika treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024. Uwe na kitambulisho chako, tena ufike stesheni mapema, kwa kuwa treni hii haimngoji mtu anayeaga. Njia ambayo basi huipita kwa kutwa nzima, yenyewe huimaliza kwa saa zisizozidi nne hivi. Baba alitazama dirishani kitambo, kisha akauliza, "Moshi wake unatokea wapi?" Nikamjibu kwamba hili ni gari moshi lisilo na moshi. Akasema, "Basi litafutiwe jina lingine."

Tulipotoka stesheni jua lilikuwa limekwisha kuchwa, lakini joto lilitupokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri. Kijana mmoja akamwamkia baba, "Mambo, mzee!" Baba akasimama akamwuliza kwa upole, "Mambo gani, mwanangu?" Kijana akacheka, akainama akasema, "Shikamoo." Msiwakasirikie vijana wa mjini. Wengi wao ni watoto wa vijijini kama sisi, na heshima wanayo, ila imewekwa ndani kidogo.

MJINI KATI

Asubuhi tulipanda daladala mpaka mjini, nasi tukatembea kwa miguu. Nenda mapema kabla jua halijawa kali, uvae viatu ulivyozoea, uchukue na maji. Ukianzia Mnara wa Saa, uliojengwa kwa ukumbusho wa mji kufanywa jiji mwaka 1961, ukafuata barabara ya Samora, hutapotea. Mbele yako katikati ya njia utaiona sanamu ya Askari.

Kwanza palisimama hapo sanamu ya Mjerumani aliyekuwa gavana, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Hii ya sasa iliwekwa mwaka 1927. Ni ya shaba nyeusi, askari ameinama mbele na bunduki yake yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Magari huizunguka bila kukoma, kwa hiyo vukeni pamoja na watu wengine, msikimbie.

Baba aliitazama kwa muda mrefu, akisogeza kichwa huku na huku kama afanyavyo mtu mwenye macho mabovu. Akaniomba nimsomee maandishi. Nikamwambia kwamba yanawataja askari Waafrika waliopigana, na wapagazi pia, na wote waliokufa katika vita ile. Akauliza, "Na jina lake?" Nikasema, "Halipo, baba. Hakuna jina la mtu hata mmoja." Akanyamaza. Kisha akavua kofia, akaipiga ishara ya msalaba sanamu ya mtu asiyemjua, tukaondoka. Nami nilikuwa na huzuni, maana niliona kana kwamba nimemleta mzee safari ndefu kuja kusikia neno "halipo."

Kutoka hapo teremkeni upande wa bahari. Mtaliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, mnara wake ukitazama bandari. Ndani mna kimya na ubaridi. Tulikaa nusu saa, baba akisali na mimi nikipumzisha miguu. Mbele kidogo liko kanisa la Walutheri la Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu, la miaka ile ile. Ukiendelea ufukoni utafika Kivukoni, penye soko la samaki na pantoni iendayo Kigamboni. Pandeni pantoni hiyo, kwenda na kurudi, hata kama hamna shughuli ng'ambo. Kwa nauli ndogo mtakuwa mmesafiri baharini, na mji wote mtauona kutoka majini. Baba alichota maji ya bahari kwa kiganja akayaonja, akayatema, akasema, "Kumbe ni kweli." Miaka yote alidhani chumvi ile ni maneno ya wasafiri.

Alasiri tulikwenda Makumbusho ya Taifa, katika barabara ya Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940. Ikiwa una watoto, usiache kuwapeleka. Humo watapata habari za Zinjanthropus, yule aliyeishi Olduvai yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959. Yako pia magari ya zamani ya viongozi wa nchi, nayo baba aliyapenda kuliko fuvu. Wenye nafasi zaidi waende na Kijiji cha Makumbusho, katika njia ya Bagamoyo, waone nyumba za makabila mbalimbali zilivyojengwa zamani.

KARIAKOO

Siku ya tatu tulikwenda Kariakoo, maana nilitumwa karatasi za ofisi, na mama alitaka kanga. Jengo la soko lenyewe liliungua mwezi Julai 2021, na serikali ikashughulika kulitengeneza. Lakini Kariakoo si jengo moja, ni mitaa mizima iliyojaa maduka, na watu kama siafu. Bei utakayoambiwa kwanza si bei, ni salamu tu. Uliza maduka matatu kabla ya kununua. Mtu akikwambia amekuta fedha chini na anataka mgawane, nenda zako, maana fedha hizo ni chambo na samaki ni wewe.

Nilikuwa nimemshika baba mkono. Nikauachilia ili nihesabu chenji ya kanga. Nilipogeuka, hayupo.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje. Nilikimbia mtaa hadi mtaa nikiita "Baba!" na kila mzee aliyesikia akageuka, ila si yeye. Nilimwona moyoni mwangu akigongwa na gari, nikajiuliza nitamwambia nini mama. Ilipita karibu saa nzima. Ndipo simu ikalia, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikauliza, "Wewe ndiwe mwana wa mzee mwenye kofia ya kijani? Njoo umchukue, yupo hapa kwangu anakunywa chai."

Alikuwa mama lishe, na kibanda chake hakikuwa hata hatua mia mbili kutoka pale nilipoanza kukimbia. Baba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile karatasi yangu mkononi. Akanitazama nilivyolowa jasho, akasema, "Umesahau niliyokufundisha porini ulipokuwa mdogo? Ukipotea usikimbie. Simama, akutafutaye atakukuta." Nilitaka kumlipa yule mama chai na simu yake, akakataa. Akasema, "Nami nina baba Singida."

Tulipokuwa tukingoja daladala ya kurudi, nilimweleza baba habari za jina la mahali pale. Waingereza walipoushika mji waliweka hapo kambi ya kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Baba aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Wakati huo makonda walikuwa wakiita mbele yetu, "Kariakoo! Kariakoo!" kwa abiria wa upande mwingine. Baba akasikiliza, halafu akasema taratibu, "Kumbe wanaitwa kila siku."

Kisha akasema, "Pale sokoni, ulipopotea, nilifikiri nimepotelea alikopotelea babu. Lakini mimi namba yangu iliandikwa."

YA KUSHIKA

Kwa hiyo anayekwenda mara ya kwanza na ashike haya machache. Usijaribu kuona kila kitu. Mambo mawili au matatu kwa siku yatosha. Mkisafiri pamoja, patanani mapema mahali pa kukutana mkipotezana. Ukitaka kuuliza njia, muulize mwenye duka au mama anayeuza chakula, kwa kuwa yeye hana safari ya kukupeleka. Na mahali ufikapo, uliza jina lake lilitoka wapi. Mji ule hukujengwa na wageni peke yao. Ipo mizigo iliyobebwa na mabega ya watu wa kwetu.

Tangu turudi, jicho la kushoto la baba limeziba kabisa, nasi tunangoja siku ya kupasuliwa. Jioni wazee hukusanyika kwake, naye huwasimulia habari za askari wa shaba na maji ya chumvi. Akifika Kariakoo huniita nije kuthibitisha.

Mzee wako akikuambia kwamba anataka kuona kitu, ndugu msomaji, usingoje mavuno.