Mlango Hauoni Kila Kitu

Sisi waseminari wa falsafa tukienda likizo hupanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Njiani hubishana: je, milango inayojifunga yenyewe imetuondolea wajibu wa kuangaliana?

Katika treni nyingi za kisasa, mlango husukumwa na mota. Ukikutana na mkono au begi, husikia kizuizi na kufunguka tena. Swichi za milango yote zimeungwa mfululizo kama shanga katika uzi mmoja; mlango mmoja usipofungwa, dereva hapati nguvu ya kuondosha treni. Kwa hiyo anayezuia mlango ili rafiki yake awahi, husimamisha mabehewa yote.

Lakini mlango haumtambui mtu. Hupima ukinzani tu. Kitu chembamba, kama mkanda wa begi au ncha ya kanga, chaweza kubanwa na mlango ukahesabika umefungwa. Ndiyo maana bado anahitajika mtu wa kutazama milango kabla treni haijaondoka.

Basi wajibu haujaondoka. Umebaki pale mashine isipofika. Tumtangulize mama mwenye mtoto mgongoni. Ishara ya kufunga ikilia, tusikimbilie mlango. Kifaa cha dharura tusikichezee. Ila tukimwona mwenzetu amebanwa, hiyo ndiyo dharura: tukitumie mara moja, tusingoje abiria mwingine aanze.